Utumbo wa Mtoto: Protini Inayozima Vita (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi utumbo mwembamba unavyofyonza chakula. Leo nashughulikia swali la akina mama wa Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, wanapoona mstari wa uzito umelala kwenye kitabu cha kliniki: mtoto anakula, mbona hakui?

Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli. Mbele yake wako bakteria wasiohesabika, nyuma yake limepiga kambi jeshi kubwa la kinga ya mwili. Seli hizo huchakaa upesi. Kwa siku tatu hadi tano karibu zote huwa zimebadilishwa na mpya, zinazozaliwa kwenye vishimo vilivyo kati ya vijinyweleo vya kufyonzea.

Kidudu kikipenya, kinga huwaka. Ndivyo inavyopasa. Ila mtaani mtu akipiga kelele za mwizi, vijana hutoka na mawe, na asipokuwepo mzee wa kuwarudisha, mabati ya majirani ndiyo hutoboka. Mzee huyo mwilini ni protini iitwayo intaleukini-10, iliyotambuliwa mwaka 1989. Hujibandika kwenye seli za kinga na kuziamuru ziache kumwaga kemikali za uvimbe. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kazi yake nyingine: panapochubuka, seli za kinga huitoa papo hapo, nazo seli za ukuta husogea kuziba pengo.

Umuhimu wa protini hii ulijulikana mwaka 1993. Watafiti wa Köln, Ujerumani, walizalisha panya wasio na protini hii; utumbo wao ukavimba daima. Baadaye ikabainika kuwa panya wa aina hiyo wakilelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja, hawaugui. Mwaka 2009 ugonjwa kama huo ulielezwa kwa watoto wachanga wenye kasoro katika vipokezi vya protini hiyo, na mmoja wao alitulia baada ya kupandikizwa seli za uboho.

Kasoro hiyo ya kurithi ni nadra mno. Mtoto wa Gatwekera kule Kibera au wa Gatina kule Kawangware kwa kawaida huzaliwa na kituliza-vita kilicho kamili. Shida ni kwamba adui haondoki. Mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa hupita ndani ya mitaro ya majitaka, na shinikizo likishuka uchafu hunyonywa ndani. Uchunguzi wa Kibera wa 2007 hadi 2009 ulikuta homa ya matumbo kwa kiwango cha takriban wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Utumbo unaoshambuliwa hivyo hupoteza vijinyweleo, huvuja, na hutumia kwa ulinzi chakula kilichokuwa cha kukuza mifupa. Hata bila kuhara.

Je, hali hiyo hurudi nyuma? Katika miaka ya 1960, vijana Wamarekani waliojitolea kufanya kazi Pakistani ya Mashariki, Bangladesh ya sasa, walipata utumbo wa namna hii, ukapona walipokwishakurejea kwao. Ushahidi huu naupenda kuliko mwingine, kwa kuwa unawaondolea lawama wazazi na kuielekeza kwenye mazingira.

Lakini mazingira hayabadiliki kwa dawa ya maji na sabuni peke yake. Utafiti mkubwa wa Kakamega, Bungoma na Vihiga, uliotangazwa mwaka 2018, uliwapa wanavijiji klorini, vyoo bora na sabuni. Urefu wa watoto haukuongezeka. Virutubisho vya ziada viliongeza kidogo. Wengine wamehitimisha kwamba usafi hauna faida. Naona wamekosea: kilichojaribiwa ni kidogo mno mbele ya uchafu uliopo, na Nairobi inadaiwa mabomba yasiyovuja na mifereji iliyofunikwa.

Kudunga intaleukini-10 yenyewe kulijaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, na nafuu waliyopata haikufikia matumaini. Maziwa ya mama, hata hivyo, yanayo. Na mtoto anayehara hupewa maji ya chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Zinki husaidia ukuta kujijenga upya, kwa hiyo usimkatizie dawa siku ya tatu kwa kuona choo kimeshika.

Wiki ijayo: bakteria wema wa utumbo.