Nauli ya Likizo Iwafikishe Hadi kwa Tembo

Ukitoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unapita Idodi. Magari ya watalii yanapita hapo, kamera zikichungulia dirishani. Sisi wenye kwetu huko tunashuka na mabegi, tunasalimia ndugu, tunakula, tunarudi Dar. Mtoto akiulizwa shuleni likizo ameona nini, anajibu: nimemwona bibi. Si haba, lakini tembo je?

Najua utasema, dada, hela iko wapi? Tulia nikwambie. Wenzetu Ulaya wanakusanya pointi za mashirika ya ndege mpaka wapate tiketi ya bure. Ya kwetu ipo karibu zaidi. Kama wewe au mwenzi wako ni mtumishi wa umma, kila baada ya miaka 2 mwajiri hulipa nauli ya likizo kwenda kwenu na kurudi: yako, ya mwenzi wako na ya watoto wanaokutegemea. Yaani basi la familia nzima limeshalipiwa!

Basi msianze na "tuna shilingi ngapi?" Anzeni na "tunataka kuona nini?" Mkubwa akisema simba, mdogo akisema kiboko, jibu ni Ruaha. Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, wanyama husogea kwenye Mto Ruaha Mkuu, na likizo ya Juni inaangukia humo humo. Kwingine kote, bana matumizi:

• Laleni kwa bibi. Msio na ndugu, kijiji cha Tungamalenga kina kambi nje ya hifadhi.

• Ingieni siku moja tu, asubuhi na mapema. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, na mtoto wa chini ya miaka 5 halipi. Beba kitambulisho.

• Gari ndilo ghali. Changeni na familia ya shangazi.

• Mkipita Kalenga, waonyesheni watoto fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Ugomvi unakuja pale baba anapoona hela hiyo ni ya sukari na vitenge vya ukweni. Kubalianeni kabla ya kupanda basi, mtenge bahasha ya Ruaha, isiguswe. Na bibi mchukueni. Tembo anayemjua yeye ni yule anayekuja usiku kula mahindi yake. Naye amtazame mchana, akiwa amekaa kwenye kiti.