Fundi Bomba Naye Ana Wito



Ndugu msomaji, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi parokiani huuliza swali lilelile: "Sasa huyu mtoto aende wapi?" Wengi hutaja ualimu, uuguzi na, kwa sisi wa Karatu, kuongoza watalii. Ufundi bomba hutajwa mwishoni, tena kama kimbilio la aliyefeli. Swali hilo linawagusa pia wenzetu ambao, baada ya miaka kadhaa ya malezi, wanatambua kwamba Mungu hawaiti kwenye upadre, nao wanarudi nyumbani wakiogopa macho ya watu. Kwa ajili yao wote tunaeleza kazi hii ni nini, inaanzwaje na kwa nini inastahili heshima.

Kazi yenyewe

Fundi bomba huingiza maji safi na kuyatoa maji machafu, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha hayo mawili hayakutani kamwe. Hapo ndipo ilipo afya ya nyumba nzima. Anasoma ramani ya jengo, anapima, anakata na kuunga mabomba ya chuma na ya plastiki, anafunga koki na mita, anajenga chemba na kutengeneza mteremko wa maji taka.

Kazi hii ina hesabu. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya karibu bar 1. Tangi lililo mita 5 juu ya bomba la mvua hutoa nusu bar tu, na anayeoga atalalamika. Kwenye milima kama yetu tatizo huwa kinyume chake: maji yakishuka mita 100 ndani ya bomba lililofungwa chini, yanafikia bar 10, na bomba dhaifu hupasuka. Ndiyo maana matangi ya kupunguza presha hujengwa njiani.

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na Aristotle, ambaye katika kitabu cha 6 cha Maadili ya Nikomako anauweka ufundi kati ya njia tano ambazo roho huufikia ukweli. Kwake, fundi hutenda kwa akili. Anayesema kwamba kazi ya mikono ni ya wasio na akili hajawahi kuangalia fundi akitafuta mahali bomba linapovuja chini ya sakafu.

Kwa nini hapa kwetu

Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro hulisha chemchemi zinazowanywesha watu wa Karatu. Barabara ya kwenda kreta ina hoteli na kambi nyingi, na kule ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mgeni anataka maji ya moto usiku.

Lakini uhitaji mkubwa uko vijijini. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, hufanya kazi na vyombo vya jamii vinavyoendesha miradi. Mradi ukizinduliwa kwa ngoma, kisha koki ikavunjika na fundi hayupo karibu, akina mama na mabinti wanarudi kwenye ndoo na punda. Uvujaji wa lita 1 kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72 za lita 20. Kwa mfugaji wa Ngorongoro wakati wa kiangazi, hayo ni maji ya kaya na ya ndama.

Namna ya kuanza

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi bomba, wavulana kwa wasichana. Aliyejifunza mtaani chini ya fundi mkongwe anaweza kupimwa na kupata cheti kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Anayetaka kuendelea katika fani ya maji anaweza kutazama Chuo cha Maji, Dar es Salaam.

Tusifiche ugumu wake. Kuna matope, kuna kuingiza mkono chooni, kuna miezi isiyo na kazi na wateja wanaosema "nitakulipa kesho". Kwa hiyo patana bei kabla ya kuanza, weka akiba, na rudi kukagua ulichounga. Jina jema ndilo litakaloleta mteja wa pili.

Mwanga wa imani

Bwana wetu aliitwa seremala (Mk 6:3), na Paulo alishona mahema (Mdo 18:3). Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyewahi kufanya kazi machimboni na kiwandani, alifundisha katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981 kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Haki hiyo haifiki kijijini kwa maandishi peke yake. Hufikishwa na mtu mwenye spana.

Basi, kijana wa jumuiya yenu akisema anataka kuwa fundi bomba, msimpe pole. Mchangieni ada, au mnunulieni spana yake ya kwanza.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.