"Mbona wasichana tu?"

Binti akiletwa kliniki, daktari ana namna mbili za kuanza. Anaweza kuuliza, "Mama, ungependa achanjwe leo?" Au aseme, "Leo binti anapata chanjo ya HPV, imkinge na saratani ya mlango wa kizazi." Mwaka 2013 Douglas Opel na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti wa mazungumzo ya madaktari na wazazi wa watoto wadogo yaliyorekodiwa kwa video. Daktari alipoanza kwa kuuliza, asilimia 83 ya wazazi walipinga. Alipoanza kwa kueleza kinachofuata, asilimia 26. Nadhani swali lile humfanya mzazi ahisi daktari mwenyewe ana shaka.

Mzazi bado ana haki ya kukataa, na wengine watakataa. Hapo ndipo wengi wetu wahudumu wa afya huanza kuhutubia.

"Dokta, nasikia inafunga kizazi."

Usicheke wala usimkatize. Muulize amesikia nini hasa, maana uvumi mara nyingi hubeba swali la haki. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda ilitiwa homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha. Lakini watu walikuwa wanauliza: mbona wanachanjwa wanawake wa umri wa kuzaa tu? Jibu lipo: kinga ya mama hupitia kondo la nyuma, mtoto akazaliwa nayo, hivyo pepopunda inayoingilia kitovu haimpati.

HPV nayo huulizwa hivyohivyo, kwa kuwa Tanzania tangu 2018 inachanja wasichana tu. Jibu ni kwamba mlango wa kizazi wanao wanawake, na dozi hupelekwa kwanza kwenye hatari kubwa. Australia huchanja wavulana pia tangu 2013. Na umri wa miaka 9 hadi 14? HPV ni kirusi kinachoenea kwa ngono; chanjo hukinga, haitibu, hivyo hutangulia, na mwili wa umri huo hujenga kinga imara. Liseme hili mapema, mzazi asidhani binti yake anashukiwa tabia.

Maudhi usiyafiche: mkono utauma, huenda homa kidogo ikaja, na wapo mabinti wanaozimia baada ya sindano, ndiyo maana hukalishwa dakika 15. Mzazi asiyeambiwa habari ya homa, ikimpata binti usiku, atamuuliza jirani.

Akishikilia msimamo, rudia pendekezo lako bila ukali. Katika utafiti uleule, madaktari walipofanya hivyo, asilimia 47 ya waliopinga mwanzoni walikubali. Waliobaki wape tarehe ya kurudi, na kama baba ndiye mwenye maswali, waje naye.