Baiskeli, jua la Kalemie, na mwili tuliopewa

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa tulikuwa watu 11 kwenye barabara ya Nyunzu, na mvua ilikuwa haijakamata bado. Tulipomaliza kupanda kilima cha tatu, ndugu mmoja wa kundi letu, fundi wa mbao, alishuka, akaegemeza kinga yake kwenye mwembe, akaketi. Tulifikiri anapumzika. Tulipomuuliza kama ana kiu, alijibu kwamba anatafuta ufunguo wa nyumba ya mama yake. Mama yake amekwisha kufa miaka mingi.

Tunaungama kwamba mwanzo tulifanya vibaya. Wote tulimzunguka. Mmoja alianza kuomba kwa sauti kubwa, mwingine alitaka kumimina maji kinywani mwake. Dada mmoja ambaye ni muuguzi alitusukuma kando: «Acheni upepo upite!» Akamlaza kivulini, akamfungua shati, akalowesha nguo zake zote kwa maji ya vibidoni vyetu, akatupatia kitenge chake tumpepee. Maombi hayakusimama, lakini sauti ilishuka na mikono ikapata kazi. Kisha robo saa hivi akatuita kwa majina. Hapo tu ndipo dada alimruhusu anywe maji yenye sukari, funda kwa funda, na motari mmoja akatusaidia kumfikisha kwenye kituo cha afya.

Kule ndipo ilijulikana kwamba tangu Alhamisi jioni alikuwa amefunga. Hakula, alikunywa maji kidogo sana, na hakumwambia mtu, kwa sababu hakutaka kufanana na wale wanaotangaza kufunga kwao barabarani. Leo ni mzima. Lakini tangu siku ile wachungaji na viongozi wa vijana wametuuliza mara nyingi: je, mchezo huu wa baiskeli tuuache? Jibu letu ni hapana, lakini kuna mambo ambayo kila mwenye kupanda baiskeli wakati wa joto anapaswa kuyaelewa, awe anatembea kwa kupumzisha mwili kama sisi, au ni mwinjilisti anayekwenda kutembelea makanisa ya mbali.

Tuanze na joto lenyewe. Mtu anapokanyaga pedali, misuli inachoma chakula ili kupata nguvu, lakini sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo inasukuma baiskeli. Karibu robo tatu inageuka kuwa joto ndani ya mwili. Mwili unataka kubaki karibu na digri 37, kwa hiyo unatoa jasho. Jasho halipozi kwa sababu limetoka, linapoza kwa sababu linakauka juu ya ngozi. Hii ndiyo sababu kando ya ziwa, hewa ikiwa na unyevu mwingi, mtu anaweza kulowa kabisa na bado joto halimtoki. Na hii ndiyo sababu kwenye kilima hali ni mbaya kuliko kwenye tambarare: unafanya kazi nyingi zaidi, na mwendo ni mdogo, basi upepo wa kukukausha haupo. Ndugu yetu hakuanguka kwenye tambarare. Alianguka juu ya kilima.

Joto la ndani likifika digri 40 na kupita, ubongo unaanza kuchanganyikiwa. Mtu anaongea maneno ya ajabu, anayumba kama mlevi, anakasirika bila sababu, au anazimia. Ukiona hayo, usingoje. Mpeleke kivulini, mloweshe maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na tafuta njia ya kumfikisha kwa mganga huku ukiendelea kumpoza. Asiyejua alipo asinyweshwe kitu, maana maji yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mtu aliyechoka tu na jua, ambaye kichwa kinamuuma na ana kizunguzungu lakini akili zake ni timamu, huyo anywe, alale miguu ikiwa juu kidogo, na siku hiyo asipande tena.

Mwili unajifunza joto, lakini polepole, kwa siku 10 hadi 14. Mtu aliyetoka masomoni mahali pa baridi, au aliyelala na malaria juma zima, asifikiri kwamba atafuata wenzake siku ya kwanza. Mwenye homa asipande kabisa. Sisi sasa tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mara jua linapotoka ziwani, na saa tatu tunataka tuwe tumerudi. Wavivu wa kuamka wamelalamika. Tumewaacha walalamike.

Sasa kuhusu kufunga, maana hapa ndipo swali lilituuma. Hatusemi neno baya juu ya kufunga. Lakini tuelewe linalotokea mwilini. Sukari ambayo misuli inatumia imewekwa akiba mahali pawili: ndani ya misuli yenyewe na ndani ya ini. Akiba hiyo inatosha saa moja na nusu hivi ya kukanyaga kwa nguvu. Ile ya ini ndiyo inayolisha ubongo, na mtu akikaa siku nzima bila chakula, inakwisha karibu yote. Mwili una njia nyingine, unachoma mafuta, na kwa mtu aliyeketi katika maombi njia hiyo inatosha. Kwa mtu anayepanda vilima vitatu chini ya jua haitoshi. Nabii Elia alipochoka chini ya mti jangwani, malaika hakumwamsha na kumwambia atembee. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa mara ya pili, na safari ndefu ikafuata baadaye. Kwa hiyo kati yetu tumepatana: kabla ya kuondoka kiongozi anauliza kwa upole, pembeni, nani amefunga. Aliyefunga anabaki kuomba kwa ajili ya wanaokwenda. Hakuna anayemcheka, na hakuna anayetangaza.

Swali la chakula lina upande wake mwingine. Wababa na wamama kadhaa wamekuja kwetu kwa sababu daktari amewaambia wapunguze uzito. Wengi wanafikiri wapande na tumbo tupu, kisha jioni wale wanavyozoea. Tunawaambia wageuze. Siku ya baiskeli kula kabla, saa mbili hivi kabla ya kuondoka: viazi vitamu, ndizi, mkate na chai, au uji. Bugali ya mihogo na sombe yenye mawese ni chakula chema, lakini asubuhi ile kitakulalia tumboni, afadhali ukile jioni ya kuamkia safari. Kupunguza kufanyike kwenye mafuta na sukari ya siku nyingine. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kalori karibu 120, ambazo kwa mwendo wa kawaida zinadai dakika 20 hivi za kukanyaga. Ukihesabu vijiko vinavyoingia kwenye sufuria moja, utaona kwamba baiskeli peke yake haiwezi kushindana na jikoni.

Safari ikipita saa moja na nusu, beba ndizi mbivu au karanga kidogo mfukoni. Ukirudi, ndagala na maharagi vinajenga misuli iliyochoka, na ndagala tunaila nzima pamoja na mifupa, basi inatupa pia madini ya kujenga mifupa yetu. Vinywaji vya rangi vinavyouzwa kwa wanamichezo hatuna haja navyo.

Maji ni jambo lenye uzito kwetu hapa kuliko mahali pengi. Mtu mzima chini ya jua anahitaji nusu litri hadi litri moja kwa kila saa ya baiskeli, kidogo kidogo. Ukienda haja ndogo na mkojo una rangi ya chai, umechelewa kunywa. Lakini Kalemie imeishi na kipindupindu miaka mingi, na kiu ni mshauri mbaya. Njiani utaona ziwa zima linang'aa mbele yako, au kisima cha mtu mwema. Usinywe. Beba maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa nyumbani, na bidoni yenyewe ioshwe vizuri, maana maji safi ndani ya bidoni chafu si safi tena.

Kwa safari ya saa moja maji matupu yanatosha. Ukitoka jasho jingi kwa muda mrefu, au ukiwa na tumbo la kuhara, tengeneza yale maji ambayo wamama wengi wanayajua tayari kutoka kituo cha afya: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, si vya mlima. Usiongeze chumvi kwa kufikiri kwamba itasaidia zaidi. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa mtoto hata inaua. Wala usilazimishe maji bila kipimo: mtu anayekunywa matupu litri kwa litri, kuliko jasho linalotoka, anaweza kuugua kwa upungufu wa chumvi katika damu.

Kuna wale ambao wanapaswa kuongea na daktari kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kushuka sukari ghafula, abebe kitu kitamu na asiende peke yake. Mwenye tansio anayemeza dawa za kukojoza anapoteza maji haraka. Na watoto wetu wenye SS: kukauka maji na kuchoka kupita kiasi kunaweza kuwaletea yale maumivu makali ya mifupa. Hatuwafukuzi. Kuna kijana mmoja wa SS anayekuja nasi mpaka daraja la Lukuga, polepole, na bidoni mbili, kisha anarudi na mzee mmoja ambaye naye anafurahi kupata sababu ya kurudi mapema.

Tuje kwa majeraha madogo. Wengi wetu tumechubuka magoti na viganja kwenye changarawe, na mambo tuliyoona yanatiwa kwenye vidonda yanatisha: unga wa betri, dawa ya meno, petroli, majivu. Yote hayo yanachoma nyama na kuingiza uchafu. Msamaria mwema alitumia mafuta na divai, ndivyo watu wa wakati ule walivyokuwa navyo. Leo tuna sabuni. Osha mikono, osha kidonda kwa maji unayoweza kunywa, mengi, mpaka mchanga wote utoke, hata kama kinauma. Funika kwa kitambaa safi, badilisha kila siku. Kikianza kuvimba, kuwa na joto, kutoa usaha, au wekundu ukitambaa kuelekea juu, au homa ikija, nenda kwa mganga siku hiyo hiyo. Na muulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Wamama walichanjwa wakati wa mimba, lakini wanaume wengi hawakumbuki kama waliwahi kuchanjwa, na vijidudu vya pepopunda vinaishi katika udongo na mavi ya wanyama ambavyo vimejaa barabarani kwetu.

Aliyegonga kichwa, hata akisema ni mzima, aangaliwe siku nzima. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, au kichwa kikizidi kuuma, hospitali.

Jeraha dogo halichagui mtu wala mahali. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda siku moja ya mashindano makubwa ya Italia mwezi wa tano 2022, na alipokuwa anafungua chupa ya ushindi, kizibo kikamruka jichoni, akalazimika kuacha mashindano yote. Miaka miwili baadaye, 2024, alivaa shati ya kijani ya Ufaransa mpaka mwisho, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alikuwa amesubiri jicho lipone. Sisi wengine tukiumia goti Jumamosi, Jumatatu tunataka kulipakia mifuko miwili ya makala.

Goti linalouma mbele, mara nyingi kosa ni kiti kilicho chini mno. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Tumeinua viti vya watu wengi, na malalamiko ya magoti yamepungua bila dawa yoyote. Kwenye kilima kikali na kinga isiyo na gia, shuka usukume. Si aibu.

Neno moja kwa dada zetu. Kitenge kinachoingia kwenye mnyororo kimeangusha zaidi ya mmoja. Tunajua kwamba katika makanisa mengine suruali ya mwanamke ni swali zito, na hatutalimaliza hapa. Wengi wa kundi letu wanavaa suruali ndani na sketi fupi ya magoti juu yake, na wazee wa kanisa wamekubali. Kama kwenu haiwezekani, funga kitenge kwa kamba upande wa mnyororo kabla ya kupanda, na tafuta fundi akuwekee bati la kuufunika.

Fundi wetu wa mbao alirudi kati yetu mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imekwisha kukamata na barabara ni tope. Alikuja na kikapu cha miti alichokitengeneza mwenyewe, kimefungwa mbele ya usukani, kina nafasi ya bidoni mbili na mkungu mdogo wa ndizi. Sasa kila Jumamosi, kabla kiongozi hajauliza nani amefunga, yeye anatangulia kuuliza nani amekula.