Gari la haibridi: hesabu kilomita kabla ya kuhesabu fedha

Mfanyabiashara wa Tanga anayetafuta gari dogo siku hizi hatakosa kusikia neno haibridi kutoka kwa madalali. Ataambiwa gari hilo "halinywi mafuta". Usemi huo una ukweli, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni betri, fundi na kilomita unazotembea.

Haibridi ni gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri kubwa. Gari linapoondoka au kwenda polepole, umeme huo huisaidia injini au hulisukuma gari peke yake. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Kwa hiyo teknolojia hii si ya majaribio. Swali ni kama inalipa hapa kwetu.

Faida kubwa ya haibridi hupatikana penye foleni, kwenye kusimama na kuondoka. Anayetoka Raskazone kwenda Ngamiani hakutani na foleni kama ya Ubungo au Mbagala. Anayekwenda Segera au Horohoro kwa mwendo wa aina moja hakanyagi breki mara kwa mara, hivyo injini ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Gari bado litabana mafuta, lakini si kwa kiasi alichosifiwa mnunuzi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari la kawaida linakwenda kilomita 13 kwa lita, haibridi kilomita 20, na petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Mwenye duka anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi ataokoa lita 27 hivi, yaani shilingi 81,000. Ikiwa haibridi imemzidi bei kwa shilingi milioni 3, atahitaji zaidi ya miaka 3 kuirudisha fedha hiyo. Mwenye teksi anayetembea kilomita 3,000 ataokoa shilingi 243,000 kwa mwezi na kuirudisha kwa mwaka mmoja na siku chache. Gari ni lile lile, lakini kwa mmoja ni biashara na kwa mwingine ni fahari. Msomaji aweke takwimu zake mwenyewe. Bei kikomo ya mafuta ya EWURA hutolewa kila mwezi na Tanga huwa na bei yake.

Hesabu hiyo huvurugika betri kubwa ikifa kabla fedha haijarudi. Betri huchoka kwa umri na kwa joto, na pwani yetu ina joto la kutosha. Ina feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi au mizigo, betri huchemka. Aidha, unyevu na hewa ya chumvi huweza kushika kutu viunganishi vyake vya shaba. Mwenye bima kubwa asijifariji, kwa kuwa kwa kawaida bima hiyo hulipa ajali na wizi, si kifaa kilichochakaa.

Suala la fundi ni zito vilevile. Betri ya Aqua za mwanzo ina volti 144 na ya Prius hupita 200, kiasi kinachoweza kuua mtu. Fundi asiye na glavu za umeme na mashine ya kusoma kompyuta ya gari asiguse nyaya za rangi ya chungwa. Kabla ya kulipa, mtafute fundi huyo na umuulize bei ya betri pamoja na kazi. Kama yupo Dar es Salaam tu, ongeza gharama ya kulibeba gari kilomita 350 hivi, pamoja na siku ambazo halitaingiza kitu.

Anayeagiza mwenyewe aangalie mwaka wa kutengenezwa. Gari dogo la abiria likipita miaka 8 huongezewa ushuru wa bidhaa kwa ajili ya umri, na likizidi 10 kiwango hupanda. Aqua za mwanzo zimekwisha kuvuka umri huo, hivyo bei ndogo ya mnada huweza kumezwa na kodi. Kikokotoo cha TRA kitumike kabla ya kutuma fedha, si baada ya meli kutia nanga. Hali kadhalika, dai karatasi ya mnada yenyewe, si maelezo ya muuzaji. Alama ya R humaanisha kuwa gari liliwahi kutengenezwa baada ya ajali.

Kwa gari lililokwisha ingia nchini, mpe fundi alipime betri kwa mashine, sehemu moja baada ya nyingine, kisha aliendeshe mchana wa jua kali, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Muuzaji akikataa kipimo hicho, amekwisha kukupa jibu.

Kwa ufupi, anayetembea sana na mwenye akiba ya betri anunue bila hofu. Anayetembea kidogo, na ambaye fedha yake yote inaishia kwenye bei ya kununulia, gari la kawaida ambalo kila gereji ya Ngamiani inalijua litamfaa zaidi.