Kuridhika, Kuvumilia na Kufungamana: Istilahi za Kupima Hali ya Wanataaluma Kazini

Miongoni mwa matini zinazowatatiza sana wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali ni hojaji. Barua ikikosewa neno, aliyeandikiwa huweza kuuliza. Hojaji ikikosewa neno, hakuna aulizaye: mwenye kujaza hutia alama ya vema pale anapoona panafaa, alama hujumlishwa, jumla huwa asilimia, na asilimia humfikia mkubwa mezani ikiwa imekwisha kulisahau neno lililoizaa. Kwa asilimia hiyo watu hupandishwa vyeo au huachwa, mishahara hutazamwa upya au hufungiwa kabatini.

Makusudi ya makala haya ni kueleza dhana tatu zinazopimwa mara kwa mara kwa walimu wa vyuo vikuu, na kupendekeza istilahi za kuzitaja kwa Kiswahili. Dhana ya kwanza ni jinsi mtu anavyoiona kazi aifanyayo sasa. Ya pili ni jinsi anavyouona mwendo mzima wa kazi yake tangu alipoanza. Ya tatu ni kile kinachomfunga na chuo alichomo. Mara nyingi zote tatu hutafsiriwa kwa maneno mamoja, "kuridhika na kazi", na hapo ndipo kosa linapoanza.

Kwanza: ni akina nani wanaopimwa?

Kabla ya kuzieleza dhana zenyewe, yafaa tuondoe kikwazo kimoja. Katika maandishi ya Kimarekani, neno wanalolitumia kwa jumla ya walimu wa chuo kikuu ndilo hilo hilo ambalo sisi, kwa kufuata desturi ya Kiingereza, tumelifasiri kuwa "kitivo". Mfasiri mwenye haraka huandika "kuridhika kwa kitivo", kana kwamba jengo na idara zake zina moyo. "Wahadhiri" nalo halitoshi, kwa sababu mhadhiri ni cheo: chini yake wapo mkufunzi msaidizi na mhadhiri msaidizi, na juu yake wapo mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Tunapendekeza "wanataaluma", neno lililokwisha kuzoeleka vyuoni, ambalo huwakusanya wote hao na kuwatenga na wafanyakazi waendeshaji.

Dhana tatu katika mtu mmoja

Tumfikirie mwanataaluma mmoja, mzaliwa wa Kiwira wilayani Rungwe, ambaye hufundisha katika chuo kikuu kimojawapo cha Mbeya mjini. Kiwira ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na mpakani Kasumulu. Ni nchi ya mvua nyingi, migomba na chai, ambako mtu mwenye mshahara aghalabu huwa pia ni mkulima.

Mwanataaluma wetu anapenda kufundisha, anapatana na wenzake, na mkuu wa idara yake ni mtu wa haki. Mshahara hauridhishi, lakini akiingia darasani moyo hutulia. Huyu, kwa jumla, ameridhika na kazi. Hata hivyo, yu mhadhiri mwaka wa kumi sasa, kwa kuwa wingi wa vipindi haumwachii nafasi ya kuandika, na pasipo maandiko hakuna kupanda cheo. Wale aliosoma nao wamekwisha kuwa maprofesa washiriki. Huyu hajaridhika na maisha yake ya kazi. Tena, ukimwuliza kama angehama chuo hicho, atajibu kuwa hahami: shamba liko Kiwira, wazazi wazee wako Kiwira, na nyumba anayoijenga imefika kwenye lenta. Kwa hiyo amefungamana na chuo, ingawa sababu haiko chuoni.

Ni dhahiri kwamba mtu huyu akipewa swali moja tu, "Je, umeridhika na kazi yako?", jibu lake lolote litakuwa la kweli na la uongo kwa pamoja.

Yawezekana lugha zetu hazikuhitaji kuzitenga dhana hizi hapo zamani. Nchini Tanzania, tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970 hadi Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipoundwa mwaka 1984, chuo kikuu kilikuwa kimoja tu. Kukiacha chuo kulikuwa ni kuiacha kazi yenyewe, au kuiacha nchi. Leo vyuo vikuu ni vingi, vya umma na vya binafsi. Mtu huweza kuipenda kazi akakichoka chuo, au kukipenda chuo ambacho hakimfikishi popote. Hali imegawanyika, na maneno hayana budi kugawanyika nayo.

Vipimo vyenyewe

Wataalamu wa nchi za nje walianza kuzitenga dhana hizi mapema. Mwaka 1935 Robert Hoppock alitoa kitabu kizima juu ya kuridhika na kazi. Mwaka 1969 Smith, Kendall na Hulin walieneza kipimo kinachoigawa kazi katika pande tano: kazi yenyewe, malipo, nafasi za kupanda cheo, usimamizi, na wenzi kazini. Kwa upande wa maisha ya kazi, kipimo kinachotumika sana ni kile kifupi cha sentensi tano kilichotolewa na Greenhaus, Parasuraman na Wormley mwaka 1990. Kwa upande wa kufungamana na taasisi, Mowday, Steers na Porter walitoa mwaka 1979 hojaji ya sentensi 15. Meyer na Allen nao walieleza mwaka 1991 kwamba kufungamana huko kuna namna tatu, ambazo tutazitazama hapa chini.

Afrika Mashariki nako vipimo vya aina hii vimetumika. Ssesanga na Garrett walichapisha mwaka 2005 uchunguzi juu ya wanataaluma wa vyuo vikuu viwili vya Uganda. Waliona kuwa walimu hao waliridhishwa zaidi na wenzao, na usimamizi, na ufundishaji wenyewe, lakini hawakuridhishwa na malipo, uendeshaji wa chuo, hali ya utafiti, na kupanda vyeo. Mwaka 2006 Nguni, Sleegers na Denessen walichapisha uchunguzi juu ya walimu wa shule za msingi nchini Tanzania, wakipima uhusiano wa uongozi na kuridhika kwa walimu na kufungamana kwao na shule. Matokeo ya namna hii hupata nguvu kwa kuwa pande za kazi zimetengwa. Kama Waganda wale wangeulizwa swali moja tu la jumla, wenzao wema wangeufunika mshahara mdogo, na hakuna ambaye angejua.

Ugumu wa neno "kuridhika"

Kitenzi "kuridhika" ni cha ukoo mmoja na "radhi", "ridhaa" na "kuridhia". Katika ukoo huo zimo maana mbili. Ya kwanza ni kupata ulichokitarajia. Ya pili ni kuyakubali yaliyopo. Asemaye "nimeridhika na alichonijalia Mungu" hasemi kwamba amepata anachokitaka. Anasema kwamba hanung'uniki. Kwetu hiyo ni adabu, na kwa wengi ni imani. Wilayani Rungwe, na siku hizi hata nje yake, mtu akiulizwa habari za kazi huweza kujibu kwa Kinyakyusa "mbombo ngafu", yaani kazi ni ngumu, huku akicheka na kuendelea nayo. Kuusema ugumu si kulalamika, na kutolalamika si kuridhika.

Ikiwa hojaji inampima mtu kwa maana ya kwanza, naye anajibu kwa maana ya pili, chuo kitapata asilimia kubwa ya "walioridhika", na ofisi itasema hakuna haja ya kubadili kitu. Hivyo uvumilivu wa watu utageuzwa kuwa hoja dhidi yao.

Je, tulitupe neno hili? Tumeyapima mengine. "Kutosheka" huelekea kwenye kiasi, kama cha chakula au fedha, na hakufai kwa mambo kama heshima. "Kufurahia" ni hali ya muda, na mtu huweza kufurahia siku moja ndani ya kazi inayomchosha mwaka mzima. Kwa hiyo tunashauri "kuridhika" kubaki, kwa masharti mawili. Kwanza, fasili yake iandikwe juu ya hojaji. Pili, kila sentensi itaje kinachotarajiwa, kwa mfano: "Kazi hii hunipa nafasi ya utafiti niliyoitarajia." Kando yake iwekwe sentensi ya kupima uvumilivu: "Nimeikubali hali yangu kwa kuwa sina njia nyingine." Mwenye kuikubali ya pili asihesabiwe upesi kuwa ameridhika.

Neno "kazi" nalo lina wingi wa maana: shughuli ya leo, ajira, wajibu, na mwendo wa miaka. Kwa hii ya mwisho wengine hutumia "taaluma", lakini taaluma ni elimu yenyewe; mtu huweza kuridhika na historia aliyoisomea na asiridhike na mahali ilipomfikisha. "Utumishi" hufaa Serikalini, ila husikika kigeni katika vyuo vya binafsi. "Maisha ya kazi" ni maneno mepesi, hueleweka na wote, na hubeba muda ndani yake.

Kutoka "uaminifu" hadi "ufungamano"

Dhana ya tatu imekuwa ikifasiriwa kwa maneno mengi: uaminifu, utii, uwajibikaji, kujitolea. Yote yana kasoro moja: ni sifa njema. Ukimwuliza mtumishi, katika karatasi itakayopitia kwa mwajiri wake, kama yeye ni mwaminifu kwa chuo, umempa nafasi ya kujitetea, hukumpima. Tunahitaji neno lisilosifu wala kulaumu.

Tunalo neno "kufungamana", ambalo Watanzania walilizoea katika siasa ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Lasema kuwa kuna kifungo, na halisemi kama kifungo hicho ni cha upendo au cha shida. Ndilo linalotakiwa, kwa sababu namna tatu za Meyer na Allen zinatofautiana hapo hasa.

(a) Ufungamano wa mapenzi: mtu hukaa kwa kuwa anapenda kukaa. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa, alieleza neno "ukwangala", yaani raha ya kukaa na kuzungumza na wenzi wa rika moja. Mwanataaluma anayeikuta raha hiyo katika idara yake amefungwa kwa mapenzi.

(b) Ufungamano wa hesabu: mtu hukaa kwa kuwa amepiga hesabu akaona kuondoka kuna hasara. Shamba na nyumba ya Kiwira ni mfano wake, na methali "usiache mbachao kwa msala upitao" ndiyo hekima yake. Hatukuchagua "masilahi", kwa kuwa masikioni mwa wafanyakazi neno hilo ni mshahara na marupurupu tu.

(c) Ufungamano wa wajibu: mtu hukaa kwa kuwa anaona si haki kuondoka, kama yule aliyesomeshwa na chuo ng'ambo hadi shahada ya uzamivu.

Chuo kikijumlisha namna hizi tatu, kitajisifu kwa watu wasiohama, kumbe nusu yao wanangoja tu nyumba iezekwe.

Mambo matatu ya kutahadhari

Hojaji nyingi huwa na sentensi za kukanusha. Katika ile ya mwaka 1979, sentensi 6 kati ya 15 zimeandikwa kinyume. Kwa Kiswahili huu ni mtego. Kwetu mtu akiulizwa "Huendi?" hujibu "Ndiyo, siendi", na akipewa sentensi "Sijivunii chuo hiki" pamoja na jibu "sikubali", hulazimika kuzifumbua kanusho mbili kwa mpigo. Heri kuandika kinyume bila kukanusha: "Naona aibu kukitaja chuo hiki."

Jibu la katikati nalo lifasiriwe kwa makini. "Sijui", "sina hakika" na "sina upande" si jibu moja. Lililo katikati ya kukubali na kukataa ni "sina upande".

Mwisho, tafsiri ya kurudi, ambayo Richard Brislin aliifafanua mwaka 1970, ni njia njema lakini haitoshi. Mfasiri wa pili akikuta "nimeridhika", ataligeuza mara moja kuwa neno lile lile la Kiingereza, na kila mtu atafurahi. Ile maana ya kuvumilia itapita bila kuonekana. Hapana budi kuwasomea tafsiri watu kadhaa wa kazi hiyo, na kuwaomba waseme kwa maneno yao walivyoelewa, kabla karatasi haijapigwa chapa.

Istilahi zinazopendekezwa

Wanataaluma: wote waajiriwao na chuo kikuu kwa kufundisha na kutafiti.

Kuridhika na kazi: kuona kwamba kazi ya sasa, katika pande zake, inatoa kilichotarajiwa.

Kuridhika na maisha ya kazi: kuona kwamba mwendo wa kazi tangu mwanzo umefikia, au unaelekea, lengo la mwenyewe.

Ufungamano na taasisi: kifungo kinachomfanya mtu abaki katika taasisi, chaweza kuwa cha mapenzi, cha hesabu au cha wajibu.

Uvumilivu kazini: kuyakubali yaliyopo bila kutimiziwa. Usihesabiwe kuwa ni kuridhika.

Tunawaomba wasomaji, hasa wale ambao wamewahi kutunga au kujaza hojaji za namna hii, watuletee maneno wanayoyatumia na mahali yalipowakwaza. Istilahi hukomaa kwa kutumika, na zile zitakazoonekana hazifai tutakuwa tayari kuzibadili.