Mtoto Ajue Kutumia Pumzi Majini

Joto likizidi watoto wetu wa Musonoi hutafuta maji. Wengine hushuka mtoni, wengine huingia katika mashimo ya madini yaliyojaa mvua, wengine hufuata wakubwa mpaka ziwa la Nzilo. Maji ya kando ya migodi si ya kuoga, tuwakataze. Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu nusu yao walikuwa chini ya miaka 29.

Sisi walimu tunaeleza somo hili kwa bidoni. Bidoni tupu iliyofungwa huelea. Ikijaa maji, huzama karibu yote. Mapafu ni bidoni ya mwili. Wapiga mbizi wanalijua hilo: wakivuta pumzi hupanda kidogo, wakiitoa hushuka. Tena hawashiki pumzi wanapopanda, kwa sababu hewa iliyovutwa kwenye mita 10 hutanuka mara mbili ikifika juu, na inaweza kupasua mapafu.

Mtoto wetu hana chupa ya hewa. Yeye ajifunze kulala chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, mikono wazi. Avute pumzi ya kutosha, aitoe polepole, avute tena. Anayepiga kelele na kurusha mikono juu hupoteza hewa na kichwa kinazama. Afundishwe mahali pasipo na mkondo, maji yasipite kiuno cha mkubwa, naye mkubwa amshike mgongo.

Na sisi wamama tunaweza kujifunza. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulioanza mwaka 2011 umefundisha wasichana na wanawake kuelea na kuogelea, wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima.

Kuna mchezo mmoja wa kukomesha kabisa: kushindana nani atakaa chini ya maji zaidi. Watoto huhema haraka haraka kwanza, wakidhani wanajaza hewa. Kumbe wanatoa ile gesi chafu inayouambia mwili “pumua sasa”. Oksijeni inakwisha bila wao kusikia haja ya kupumua, wanazimia kimya, na wenzao wanafikiri bado wanashinda.

Ukiona mtoto anazama, usiruke kama hujui kuogelea, maana tutalia wawili. Ita watu, umtupie bidoni tupu ya lita 20, imefungwa vizuri na kufungiwa kamba. Inabeba karibu kilo 20, inatosha kuweka kichwa chake juu ya maji.

Wiki hii, kila mama aweke bidoni ndani ya beseni mbele ya watoto wake. Waione ikielea, waione ikizama karibu yote, halafu waulizwe: pumzi yako utaitumiaje?